Kabla ya Kununua Kiinitete, Tazama Ng'ombe Wako



Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu cha maziwa, mzee mmoja alisimama akauliza, "Hawa ndama wanaotengenezwa ndani ya chupa, je, wataweza kula majani kama wengine?" Watu walicheka sana. Lakini baada ya mkutano wanne kati ya wale waliocheka walinifuata, kila mmoja peke yake, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama yafaa kuuza mtamba ili kununua kiinitete. Nimeona heri niwajibu wote pamoja katika ukurasa huu.

Jibu langu ni hili: usiuze mtamba. Kiinitete cha maabara ni jambo la kweli, wala si hila ya wafanya biashara, nacho kinazidi kuwa bora mwaka hata mwaka. Lakini sehemu kubwa ya kazi iliyobaki haiko tena maabarani. Iko zizini kwako. Na mtu anayenunua kiinitete kabla ya kutengeneza zizi lake ananunua hasara.

Tuanze kwa kufahamu kazi yenyewe. Ng'ombe hutoa yai moja kila siku 21, naye hubeba mimba muda wa miezi tisa na zaidi. Kwa hiyo hata ng'ombe bora kabisa, yule ambaye majirani huja kumtazama wakati wa kukamua, huacha ndama wachache tu. Lakini ndani ya mwili wake mna maelfu ya mayai ambayo hayatatumika kamwe. Wataalamu wa Uholanzi, katika miaka ya mwisho ya 1980, walionyesha njia ya kuyavuta mayai hayo kwa sindano ndefu kutoka ng'ombe aliye hai, huku daktari akitazama picha ya ndani ya mwili kwenye mashine. Mayai huwekwa siku moja katika maji maalum ili yapevuke. Kisha hutiwa mbegu za fahali. Kisha hulelewa katika maji ya namna nyingine, ndani ya kabati lenye joto la digri 38.5, ambalo ndilo joto la mwili wa ng'ombe. Siku ya saba, lile yai lililofaulu limekuwa kiinitete chenye chembe mia moja au zaidi, ingawa bado ni dogo kama punje ya mchanga laini. Ndipo huingizwa katika tumbo la uzazi la ng'ombe mwingine, naye akakibeba mpaka kuzaa.

Msidhani mambo haya yalianza jana. Habari za ndama wa kwanza aliyehamishwa akiwa kiinitete kutoka tumbo la ng'ombe mmoja hadi la mwingine zilitangazwa huko Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1951. Mwaka wa 1973 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walipata ndama kutokana na kiinitete kilichokuwa kimegandishwa kwa baridi kali. Na mwaka wa 1981, Pennsylvania, Marekani, alizaliwa ndama wa kwanza ambaye yai lake lilipata mbegu nje ya mwili wa mama yake. Wakampa jina la Virgil. Tangu mwaka wa 2016 viinitete vya ng'ombe vinavyotengenezwa maabarani vimekuwa vingi kuliko vile vinavyotolewa matumboni. Sisi wenyewe hapa Kenya tulianza kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizokusanywa mwaka wa 1935, na kituo cha Kabete kikafunguliwa mwaka wa 1946. Wako wazee waliosema wakati ule kwamba ndama wa namna hiyo hawatakuwa na mifupa. Leo hatuoni ajabu tena.

Sasa tufanye hesabu, maana mkulima asiyefanya hesabu hufanyiwa na mtu mwingine. Chukua mayai 100 yaliyowekwa katika kisahani cha maabara nzuri. Kama 80 yatashika mbegu na kuanza kugawanyika. Mpaka siku ya saba watabaki 30 au 40 tu wanaofaa kupandikizwa. Ukivipandikiza hivyo vikiwa vibichi, ng'ombe watakaoshika mimba ni karibu wanne katika kila kumi, na baadhi ya mimba hizo zitapotea kabla ya kuzaa. Basi kati ya mayai 100, ukipata ndama kumi au kumi na wawili wanaosimama na kunyonya, umefanya vizuri. Kama viinitete vimegandishwa, hesabu huwa chini zaidi.

Wale wengine walikwenda wapi? Hapa ndipo penye mafunzo, nami nitakaa hapa kidogo.

Yai la ng'ombe hufanana na mkulima aliyehamia skimu. Wazee wetu walipopewa mashamba kuanzia mwaka wa 1962, kila mtu alifika na chakula kidogo cha kumfikisha mavuno ya kwanza. Aliyefika na gunia tupu alishindwa kabla mahindi yake hayajatoa ndevu, hata kama shamba lake lilikuwa zuri. Ndivyo ilivyo kwa yai. Siku tatu nne za mwanzo kiinitete hakijitegemei. Hula akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Kinapofika chembe nane mpaka kumi na sita, ndipo huanza kujiendesha chenyewe kwa urithi wake. Miaka ya mwanzo ya kazi hii, viinitete vingi vilisimama papo hapo penye chembe nane na kufa. Wataalamu wakahangaika sana. Wengine waliviweka katika mrija wa mayai wa kondoo ili vilelewe humo, wengine wakavilea pamoja na chembe zilizokwanguliwa katika mrija wa ng'ombe. Baadaye walijifunza kutengeneza maji yanayofanana na yale ya ndani ya mrija, yenye chumvi na chakula kwa kipimo chake.

Kisha wakagundua kosa lililokuwa wazi mbele ya macho yao. Hewa tunayovuta sisi ina oksijeni sehemu 20 hivi katika mia. Ndani ya mrija wa ng'ombe oksijeni ni kidogo sana kuliko hiyo. Kiinitete kilichokuwa kikilelewa katika hewa yetu kilikuwa kama kinaunguzwa polepole. Walipopunguza oksijeni mpaka sehemu tano katika mia, viinitete vilivyofika siku ya saba viliongezeka.

Kosa la pili lilikuwa la ukarimu. Katika maji ya kulelea walikuwa wakitia majimaji ya damu ya ng'ombe, wakidhani ni chakula bora. Viinitete vilikua haraka, lakini vilijaa mafuta ndani, na kitu chenye mafuta mengi hakistahimili kugandishwa. Tena wengine wa ndama hao walizaliwa wakubwa kupita kiasi, mama wakapata taabu kubwa ya kuzaa. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili, ndama wa namna hiyo aweza kuwa msiba: ndama amekufa na mama amekufa. Siku hizi maabara nyingi zimeacha majimaji hayo au zimeyapunguza.

Lakini jambo ambalo mimi nalishika zaidi ya yote lilionyeshwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dublin, Ireland, mwaka wa 2002. Walilinganisha viinitete vilivyolelewa maabarani na vile vilivyolelewa ndani ya mrija wa kondoo. Wakaona kwamba malezi ya zile siku saba hubadili ubora wa kiinitete, yaani kama kitastahimili baridi ama hakitastahimili. Lakini idadi ya viinitete vitakavyofika siku ya saba haitegemei sana malezi hayo. Hutegemea yai lenyewe lilivyokuwa siku lilipochukuliwa. Kwa maneno mengine, yai hafifu halitengenezwi na maji mazuri.

Na yai hutengenezwa na nani? Na ng'ombe aliyeshiba. Yai linalovutwa leo lilianza kukua wiki nyingi zilizopita. Kama wakati ule ng'ombe alikuwa akila mabua makavu na kukonda kwa kukamuliwa, au alikuwa na minyoo, au alikuwa ameugua ndigana akapona, akiba iliyowekwa ndani ya yai ni gunia lililotoboka. Huwezi kumnenepesha kwa juma moja kabla ya daktari kufika, ukadhani yai halitajua.

Haya ni juu ya ng'ombe mwenye mayai. Wengi wenu hamtakuwa na ng'ombe wa namna hiyo. Atakuwa katika shamba kubwa fulani. Ninyi mtakuwa na ng'ombe wa kupokea, na hapo ndipo nguvu yenu ilipo.

Kiinitete cha siku saba hakina budi kuingia katika tumbo ambalo nalo liko katika siku ya saba tangu ng'ombe kutaka dume. Siku moja mbele au nyuma yavumilika. Siku tatu hazivumiliki. Baada ya hapo kiinitete kina kazi kubwa ya kufanya: chapasa kurefuka, kutoka punje ya mchanga mpaka kuwa kama uzi mrefu, na karibu na siku ya 16 kutoa ishara ya kumwambia mama, "Nipo." Mama asipopata ishara hiyo kwa wakati, mwili wake huhesabu kwamba hakuna kitu, naye hutaka dume tena. Viinitete vingi vya maabara hupotea katika siku hizo, maana ni vidhaifu, huchelewa kurefuka. Ukikitia kiinitete kidhaifu katika tumbo ambalo siku zake si sawa, umekiua wewe mwenyewe.

Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo. Miaka michache iliyopita nilinunua kiinitete kimoja kwa fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya mabati. Daktari aliniuliza ng'ombe alitaka dume siku gani. Nilisema Ijumaa. Kwa kweli Jumatano mpaka Ijumaa mimi sikuwako, nilikuwa mazishini kwa shemeji. Niliporudi jioni ya Ijumaa nilimkuta ng'ombe bado ana ute mkiani, nikahesabu kutoka hapo. Kijana anayenisaidia alikuwa amemwona akipandwa na wenzake tangu Jumatano asubuhi, lakini hakuna aliyemwuliza, naye hakuthubutu kunisahihisha mbele ya daktari. Majuma mawili baadaye ng'ombe alitaka dume tena. Nilisema maneno mengi mabaya juu ya maabara ile mpaka kijana yule aliponiambia kweli, siku ya kumlipa mshahara.

Kwa hiyo jambo la kwanza halina gharama yo yote: tazama ng'ombe wako asubuhi na mapema na tena jioni, na uandike. Andika siku na saa. Aandike ye yote aliyeona, awe mke, mtoto au mfanyakazi. Kama hujui siku, sema hujui. Daktari atakuambia ungoje siku 21, na kungoja siku 21 ni rahisi kuliko kupoteza fedha za mabati.

Jambo la pili ni mwili wa ng'ombe wa kupokea. Asiwe amekonda mpaka mbavu zinahesabika toka barabarani, wala asiwe amenenepa kama wa maonyesho. Awe ameonekana akitaka dume mara mbili kwa siku zilizo sawa. Asiwe yule aliyetupwa nje na majirani wawili kwa sababu hashiki mimba, nimeona watu wakimtoa ng'ombe wa namna hiyo kwa ajili ya kiinitete, wakisema, "Huyu hana kazi nyingine." Mpe kiinitete ng'ombe wako mzuri, yule ambaye hushika mara moja anapopandishwa. Tena awe na maumbile ya kuzaa ndama mkubwa.

Jambo la tatu mnalijua, nami sitalirudia sana: kupe. Wazee wetu walipochukua mikopo ya kununua ng'ombe wa gredi, wengi walijifunza kwa uchungu kwamba ng'ombe wa damu ya Ulaya asiyeogeshwa ni mzoga unaotembea. Kiinitete hakibadili jambo hilo hata kidogo. Ndama hurithi damu ya wazazi wake wa maabarani, hairithi ya yule aliyembeba. Mama aweza kuwa ng'ombe wa kienyeji mgumu kama mti wa mkomamanga, lakini ndama aliyemzaa ni Friesian mtupu, na kupe wa kwanza mwenye ndigana atamkuta hana ngao. Iko chanjo ya ndigana iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Muguga. Uliza habari zake kabla ndama hajazaliwa.

Mtu aweza kuniuliza, kama ndivyo, kwa nini usituambie tuachane na jambo hili, tuendelee kupandisha kwa mrija ambao ni rahisi sana? Kwa wengi wenu nasema hivyo hasa. Ukiwa Kinangop au Ol Kalou, penye baridi na majani, na ng'ombe wako ni wa gredi tayari, mrija wa mbegu za fahali mzuri utakupeleka mbele kila mwaka kwa fedha kidogo.

Lakini iko kazi moja ambayo mrija hauwezi kuifanya vizuri, na kwa ajili ya hiyo natamani maabara zifaulu. Ninyi mnaokaa Lugari au Muhoroni, na mahali pengine penye joto na kupe wengi, mnajua kwamba ng'ombe anayefaa kwenu ni yule wa damu nusu kwa nusu: nusu Friesian au Ayrshire, nusu Sahiwal. Hutoa maziwa ya kutosha na hustahimili. Taabu huja akizaa. Ukimpandisha kwa fahali wa Ulaya, ndama huzidi kuwa mlaini. Ukimpandisha kwa Sahiwal, maziwa hupungua. Ule uzuri wa nusu kwa nusu hauwezi kushikwa mahali pamoja. Kwa kiinitete unaweza kushikwa. Maabara huchukua mayai ya ng'ombe Sahiwal, ambao kama ng'ombe wengine wenye nundu kwa kawaida hutoa mayai mengi kuliko wa Ulaya, huyatia mbegu za Friesian zilizochaguliwa za kuzaa majike, na kila mwaka ng'ombe wako huzaa mtamba wa nusu kwa nusu. Wabrazili, ambao nchi yao ina joto na kupe kama sisi, wamekwenda mbali katika njia hii kwa ng'ombe wao wa Gir na Friesian. Mimi naona hapa ndipo fedha za nchi na akili za wataalamu wetu zingeelekezwa, kuliko kuleta viinitete vya ng'ombe wakubwa wa Ulaya ili tuonyeshane kwenye maonyesho ya kilimo.

Sasa juu ya fedha. Mkulima mmoja anayenunua kiinitete kimoja anacheza kamari, maana mara sita katika kumi atapoteza. Wakulima ishirini wanaonunua pamoja kwa chama chao wanafanya biashara, maana wanaweza kutazamia mimba kadhaa, tena wanaweza kumwekea muuzaji masharti. Wamwulize: viinitete hivi ni vibichi au vimegandishwa? Vimelelewa katika oksijeni ya sehemu tano? Maji yake yametiwa majimaji ya damu? Katika mia ulizopandikiza mwaka jana, mimba zilikuwa ngapi siku ya 60, na ndama waliozaliwa ni wangapi? Muuzaji mwaminifu hatakasirika kwa maswali haya. Ameyaandika majibu yake katika kitabu. Anayejibu kwa kukuonyesha picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa, mpe chai aende zake.

Tena chama kisilipe fedha zote siku ya kupandikiza. Sehemu ilipwe siku hiyo, na sehemu kubwa ilipwe mimba ikionekana kwa mara ya pili, siku ya 60 hivi, kwa maana mimba iliyoonekana siku ya 30 yaweza kupotea. Wauzaji wengine watasema hili haliwezekani kwa sababu wakulima hudanganya juu ya siku na hawalishi ng'ombe. Hapo, ndugu mkulima, hatuna la kujibu kama hatuna maandishi. Mwenye daftari la siku za ng'ombe wake ndiye awezaye kudai haki yake.

Yule ng'ombe wangu alipandishwa kwa mrija alipotaka dume tena, akashika mara moja, akazaa dume. Mabati niliyapata mwaka uliofuata. Kiinitete sijajaribu tena bado. Kalenda imetundikwa mlangoni pa zizi, kalamu imefungwa kwa kamba ili watoto wasiende nayo shuleni, na kijana yule ndiye anayeandika.